Kamenge, lango la Bujumbura ambalo wengi hulipita wakisinzia

Lori lililotoka mpaka wa Kobero huingia Bujumbura kwa kushuka. Pale Bugarama barabara ya Ngozi na Kayanza hukutana na ile ya Gitega na Muramvya, na kuanzia hapo dereva ana kilomita 35 hivi za kona na mteremko. Baridi ya zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari inabaki nyuma. Joto la bonde la Imbo linaanza kuingia dirishani, Ziwa Tanganyika linang'aa chini, na ng'ambo yake inasimama milima ya Kongo. Kisha mteremko unakwisha, nyumba zinasongamana, moshi wa mishikaki unapanda pembeni mwa barabara. Hapo ni Kamenge.

Wafanyabiashara wengi wa mipakani wanaifahamu Kamenge kwa dakika hizo chache tu. Aliyetoka Kahama au Ngara amechoka kwa safari, na macho yake yanatafuta bandari au soko. Anayetoka mjini kwenda kaskazini ndiye anayesimama kidogo, kwa kuwa kituo cha mabasi ya kaskazini kiko huku. Wenyeji wanakiita Gare du Nord, kwa Kifaransa kile kile cha kituo kikubwa cha treni cha Paris, ingawa hapa hakuna treni hata moja: kuna Probox zilizojaza abiria hadi mlango haufungi, Hiace, na vijana wanaoita majina ya Bubanza, Kayanza na Ngozi.

Walio wengi wamesikia pia jina la Kamenge kwa habari za vita. Habari hizo ni za kweli na zitasimuliwa hapa. Lakini mtaa huu ni mkongwe kuliko vita hiyo, na mtu anayeleta mchele, vitenge au vipuri Bujumbura akiujua atauelewa mji wenyewe vizuri zaidi kuliko aliyeishia kwenye vyumba vya hoteli za katikati.

Mji wa vituo viwili na mitaa mingi

Bujumbura si mji wa kale kama Ujiji. Wakati misafara ya Waarabu na Waswahili ikivuka ziwa kuelekea Manyema katika karne ya 19, huku kaskazini palikuwa na vijiji vya wavuvi na wakulima, na nyuma yao milima ya ufalme wa Burundi ambao haukutaka wafanyabiashara wa watumwa wakanyage ardhi yake. Stanley na Livingstone walipita ufukweni kwa mtumbwi Novemba 1871, wiki mbili tu baada ya kukutana Ujiji. Walilala Mugere, kusini kidogo ya mji wa leo, na jiwe kubwa lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871 bado liko pale juu ya kilima.

Wajerumani ndio waliojenga kituo cha kijeshi miaka ya mwisho ya 1890 na kukiita Usumbura. Kutoka hapo walipambana na Mwami Mwezi Gisabo, hadi mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903 ulipomlazimisha kukubali utawala wao. Leo jina la mfalme huyo limewekwa kwenye barabara kubwa inayopita upande wa Kamenge. Wapigaji waliompiga hawana hata kichochoro.

Juni 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliingia. Walipokabidhiwa Ruanda-Urundi na Shirikisho la Mataifa, walifanya Usumbura makao makuu ya nchi zote mbili. Hesabu yao ilikuwa ya kibiashara. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa makubaliano ya Machi 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam. Maeneo hayo yaliitwa Belbase, na wazee wa Kigoma bado wanalitumia jina hilo. Kahawa ya Burundi ikawa inashuka milimani hadi ziwani, inavuka kwa meli hadi Kigoma, inapanda treni na kwenda baharini. Chumvi, vitambaa, sukari na mabati vikarudi kwa njia hiyo hiyo.

Ndani ya mji, Wabelgiji walipanga watu kama mzigo ghalani: Wazungu sehemu zenye upepo, Wahindi na Waarabu kwenye mtaa wa Waasia karibu na bandari, Waafrika kwenye mitaa yao ya mbali. Buyenzi ukawa mtaa wa Waswahili, watu wenye asili ya Ujiji, Manyema na pwani, Waislamu kwa wingi, mafundi na wachuuzi. Hadi leo Kiswahili cha Bujumbura nyumbani kwake ni Buyenzi, na mtu anayetafuta gia ya lori lililokufa huelekezwa huko. Bwiza, jirani yake, uliitwa kwa muda mrefu Quartier Belge. Miaka ya 1950 shirika la nyumba la kikoloni, OCAF, lilijenga nyumba za Ngagara kwa mistari iliyonyooka, na kuna wazee wanaosema mpaka sasa kwamba wanakwenda Ocaf.

Kamenge ulikua nyuma ya mstari huo, miaka ya mwisho ya ukoloni. Waliokuja kukaa huku hawakuwa makarani, walikuwa vibarua wa ujenzi, wapakuzi wa bandarini, wapishi, wafagiaji, na watu walioteremka kutoka milimani kutafuta mshahara. Ndiyo maana Kamenge, tofauti na Buyenzi, ulianza kama mtaa wa Kirundi, wenye mguu mmoja mjini na mguu mmoja shambani. Sehemu zake zina majina yanayoleta milima mjini. Heha, kwa mfano, ni jina la mlima mrefu kuliko yote nchini.

Mwanamfalme na wachuuzi

Kuna sura moja ya historia ya Bujumbura ambayo wafanyabiashara wanapaswa kuidai kuwa yao. Mwaka 1957, Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika kabla siasa hazijamchukua kabisa. Wakati huo biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa kampuni za Wazungu na maduka ya Waasia, na Mwafrika alinunua kwa bei ya mtu wa mwisho. Rwagasore aliwataka wachuuzi waweke fedha pamoja na kuagiza bidhaa wenyewe. Ushirika uliyumba kifedha na utawala wa kikoloni ukauingilia, lakini waliokuwa wanachama wake, hasa Waswahili wa mjini, wakawa uti wa mgongo wa chama chake cha UPRONA. Aliwasiliana kwa karibu na TANU ya Julius Nyerere ng'ambo ya mpaka.

UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo, akiwa waziri mkuu kwa wiki mbili tu, Rwagasore alipigwa risasi akiwa mezani katika hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa. Alikuwa hajatimiza miaka 30. Kaburi lake liko juu ya mji, na kutoka hapo mtu anaona kila kitu: bandari, paa za Buyenzi, na upande wa kaskazini Kamenge.

Miezi mitatu baadaye, Januari 1962, Kamenge uliingia kwenye historia kwa mara ya kwanza, na uliingia kwa damu. Vijana wa kisiasa waliojiita kwa jina la marehemu Rwagasore waliwavamia viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo na wanasiasa wa Kihutu waliokuwa wakiishi huko, na wakaua kadhaa. Uhuru ulikuja Julai 1 mwaka huo, na jina Usumbura likabadilishwa kuwa Bujumbura. Lakini kilichotokea Kamenge kilikuwa kimeshaonyesha ufa ambao ungerudi kupasuka kwa ukubwa wa kutisha mwaka 1972 na mwaka 1993.

Mtaa ulioondolewa watu

Rais Melchior Ndadaye, wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi wote na wa kwanza Mhutu, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba 1993. Nchi nzima iliwaka. Bujumbura, ambako familia zilikuwa zimechanganyika mitaani kwa miaka, ulianza kujitenga nyumba kwa nyumba. Wahutu walikimbilia Kamenge na Kinama. Watutsi walijikusanya Ngagara na Cibitoke. Barabara ambazo leo mtu anavuka akiwa na ndoo ya nyanya kichwani zikawa mipaka, na mpaka huo haukuwa na forodha wala muhuri.

Kati ya mwisho wa Mei na Juni 1995 jeshi lilizingira Kamenge na kuingia. Maelfu ya wakazi walikimbia, wengine wakapanda vilima vya Bujumbura vijijini, wengine wakavuka kwenda Uvira. Mtaa ulibaki mtupu. Mabati yaling'olewa, kisha milango, kisha fremu za madirisha. Waliorudi miaka iliyofuata walikuta kuta za matofali na majani yaliyoota sebuleni.

Julai 1996, Pierre Buyoya alipochukua madaraka kwa mapinduzi, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire, Zambia na Ethiopia zilikubaliana kufunga njia, na vikwazo hivyo havikusitishwa hadi Januari 1999. Wafanyabiashara wenye umri wa zaidi ya miaka 50 wanaikumbuka miaka hiyo vizuri. Petroli ilipita kwa madumu, sukari ilipita usiku, na aliyekuwa na jamaa afisa alitajirika. Aliyeumia zaidi ni yule yule wa Kamenge, aliyekuwa akijaribu kununua mabati ya kuezeka upya nyumba yake kwa bei iliyopanda kila mwezi. Vikwazo vilikusudiwa kuwabana watawala warudi mezani, na wapo wanaosema vilifanikiwa. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Aliyeuanzisha kama msuluhishi, Mwalimu Nyerere, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na Nelson Mandela ndiye aliyeumaliza. Hata hivyo bei ya funzo hilo ililipwa na watu ambao hawakuitwa Arusha, na jambo hilo halijasemwa vya kutosha.

Mahali pa kuingia bila kuulizwa kabila

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wamisionari wa Xaveri walijenga kituo cha vijana kwenye eneo lililo kati ya mitaa iliyokuwa karibu kugeuka maadui. Kinaitwa Centre Jeunes Kamenge. Kilikusudiwa vijana wa mitaa sita ya kaskazini: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Buterere na Gihosha. Vita vilipoanza, kikajikuta katikati kabisa ya mstari wa mapigano.

Kilikuwa na vitu vya kawaida: viwanja vya mpira, maktaba, madarasa ya lugha na kompyuta, muziki, sinema. Katika mji ambao kijana kuvuka barabara kulikuwa kuhatarisha maisha yake, mpira ulikuwa sababu ya kutosha kuvuka. Likizo ilipofika, vijana wa pande zote walipelekwa kwenye kambi za kazi, wakafyatua matofali na kujenga pamoja nyumba zilizobomolewa na watu wa rika lao. Kituo kilivamiwa, kililengwa, lakini hakikufungwa. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood, ile inayotolewa Sweden na ambayo wengi huiita Nobel mbadala.

Mgeni anayesubiri gari la kesho anaweza kuingia hapo jioni na kutazama mechi. Hakuna sanamu wala kiingilio cha watalii, na pengine ndiyo sababu vitabu vya wasafiri huyapeleka makundi yao kwa mamba na viboko badala ya kuyaleta hapa. Kama kuna jengo moja Bujumbura linalostahili kuitwa mnara wa kumbukumbu, wengi wangelitaja hili.

Utulivu haukuja wote kwa mara moja. Septemba 2014, masista watatu wa Kiitaliano waliokuwa wamewahudumia watu wa Kamenge kwa miaka waliuawa ndani ya nyumba yao ya kitawa. Mtaa mzima uliomboleza, Waislamu na Wakristo pamoja.

Mgonjwa, kitambaa na moto

Kwa Warundi wengi wa mikoani, Kamenge maana yake ni hospitali. Hospitali ya chuo kikuu iliyoko hapa inajulikana na kila mtu kwa jina la Roi Khaled, mfalme Khalid wa Saudi Arabia. Wagonjwa wanaletwa kutoka Kirundo, Cankuzo na hata ng'ambo ya Rusizi, na jamaa zao hukaa nje siku nyingi. Kuzunguka hospitali kumeota uchumi wa aina yake: wauza uji, wauza sabuni, wenye vyumba vya kulala vya bei ndogo, wanaochaji simu. Mfanyabiashara mwenye jicho atatambua kwamba bidhaa ndogo ndogo za nyumbani huuzika huku haraka kuliko sehemu nyingi za mji.

Upande wa Ngagara na Kamenge kuna kiwanda kilichowahi kuwa fahari ya taifa. COTEBU, kiwanda cha nguo cha serikali, kilichukua pamba ya bonde la Imbo na kutoa vitenge na mashuka yaliyovaliwa nchi nzima. Kilidhoofika kwa vita, madeni na nguo za bei rahisi kutoka nje, kikasimama, na baadaye majengo yakachukuliwa na kampuni binafsi ya Afritextile. Jina la COTEBU halikuondoka. Abiria bado anamwambia dereva amshushe COTEBU, na kitenge cha Burundi kinaweza kupatikana sokoni kikishindana na cha China na cha Kongo. Anayenunua vitenge kwa ajili ya Kigoma au Kasulu afike asubuhi, aguse nguo kabla ya kuuliza bei, na ajifunze maneno mawili ya Kirundi: ni angahe, yaani ni bei gani, na urakoze, asante. Muuzaji wa Kamenge anayesikia mgeni akijaribu Kirundi hutabasamu kwanza, kisha hurudi kwenye Kiswahili, na bei nayo mara nyingi hulegea.

Umuhimu wa masoko ya kaskazini ulipanda ghafla Jumapili moja. Tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Lilikuwa moyo wa biashara ya nchi, na wapo waliokuwa wameweka humo mtaji wote wa maisha yao, tena fedha taslimu, kwa kuwa hawakuiamini benki. Moto uliteketeza vibanda, bidhaa na madaftari ya madeni. Hilo la madaftari huwa halitajwi sana, ila mfanyabiashara anaelewa: aliyekopesha hakuwa tena na ushahidi wa kudai. Wachuuzi walitawanyika kwenda Ruvumera kule Buyenzi, kwenda soko jipya la Ngagara ambalo watu wanaliita Kwa Siyoni, na kwenye masoko ya Kamenge na Kinama. Miaka imepita, na sehemu kubwa ya biashara iliyohamia kaskazini haijarudi katikati.

Jioni ya mtu aliyelala Kamenge

Mgeni aliyelazimika kulala huku asijihurumie. Jioni Kamenge una sifa yake mjini kote, na sifa hiyo ni nyama. Mishikaki ya mbuzi huchomwa kando ya barabara, ikiletwa na ndizi za kuchoma na pilipili kali. Samaki ni mukeke, anayekaangwa au kuchomwa mzima, au ndagala, dagaa wa Tanganyika, pamoja na ugali wa muhogo. Isombe, yaani kisamvu, hupikwa kwa mawese. Wanaokunywa wana bia za Brarudi, kampuni iliyoko mjini tangu mwaka 1955, au urwarwa, pombe ya ndizi inayopaswa kuheshimiwa. Wasiokunywa watapata chai ya maziwa na chapati kwenye migahawa ya Waislamu.

Jumamosi asubuhi mfanyabiashara asipange kupakia mzigo. Ni saa za kazi za pamoja za wananchi, magari husimama na maduka hufungwa hadi shughuli iishe. Aliye na haraka atanung'unika. Mwenye busara atatumia saa hizo kupanda hadi Gikungu, jirani na Kamenge, penye kituo cha hija cha Mlima Sayuni. Miti yake ni mirefu na ziwa lote linaonekana chini.

Mwenye siku nzima anaweza kwenda hifadhi ya Rusizi, karibu na barabara ya Gatumba na Uvira, ambako viboko huchomoza pua majini. Huko ndiko alikovuma Gustave, mamba ambaye simulizi zake zimeenea dunia nzima na ambaye kila mvuvi ana toleo lake la kisa chake. Anayependa ngoma atafute wapigaji wa ngoma za kifalme, sanaa iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Lakini kwa hao bora kwenda Gishora, karibu na Gitega, zilikotunzwa ngoma zenyewe.

Lango linalosubiri

Gitega ndiyo inayowapa watu wa Bujumbura mashaka. Desemba 2018 serikali ilitangaza kwamba Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa, na bunge likaidhinisha mwezi uliofuata. Bujumbura ulibaki mji mkuu wa biashara. Jina hilo ni zuri, ila biashara haiwezi kushikiliwa kwa sheria. Mkataba wa reli ya kisasa ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, ulitiwa saini Januari 2025. Treni hiyo ikifika, mzigo wa mashariki utaingia nchini bila kugusa ziwa wala mteremko wa Bugarama. Kamenge, uliojengwa na watu waliokuja kupakua mizigo, utalazimika kutafuta mzigo mwingine.

Upande wa kaskazini, shida haingoji reli. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Ilikuwa mara ya pili katika muongo mmoja. Barabara namba moja ya taifa, inayoanzia mjini, ikapita Kamenge na kupanda hadi Kayanza, iliwahi kuendelea hadi Kanyaru na kuvuka kwenda Huye na Kigali. Mama aliyekuwa akileta viazi na maharage kwa njia hiyo sasa anazunguka kupitia Tanzania, au ameacha. Uhaba wa mafuta nao umewakondesha wenye magari, na pengo kati ya bei rasmi ya faranga na ile ya mtaani linamfanya mgeni apige hesabu mara mbili kabla ya kukubali bei yoyote.

Wakati huo huo, kwenye karatasi, mambo hayajawahi kuwa mepesi hivi. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na Kongo imejiunga mwaka 2022. Kiswahili kilikubaliwa na wakuu wa nchi kuwa lugha rasmi ya Jumuiya Februari 2021, pamoja na Kifaransa. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ana haki ya kuomba cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na kupita bila ushuru wa forodha, ilimradi bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa. Kobero na Kabanga zina kituo cha pamoja, mtu anakaguliwa mara moja badala ya mbili. Wengi bado hawaijui haki hiyo, au wanaijua na kumlipa mtu wa kati kwa kuogopa dirisha la afisa. Kwa mfuko wa mchele haifai kuogopa. Aulizie cheti, asubiri apewe, na akitunze hadi Kamenge, kwa kuwa maswali mengine huulizwa njiani.

Alfajiri, kabla joto halijapanda, malori matupu yanaanza kuondoka kurudi Bugarama. Vijana wa baiskeli wanayangoja mwanzo wa mlima. Usiku wameteremsha ndizi na mkaa kutoka milimani, wakijitosa kwenye kona bila kushika breki, na sasa hawana nguvu ya kupanda kilomita 35. Mmoja anadaka bomba nyuma ya lori kwa mkono wa kushoto, wa pili anamshika bega, wa tatu anamfuata wa pili. Dereva anawaona kwenye kioo. Anapunguza mwendo kidogo, wakamatane vizuri, kisha anabadilisha gia.